Beshik Iliyochimbwa

Simu ililia mara mbili, ikakatika, ikalia tena.

Elmurod Tojiyev aliweka bakuli la chai mezani na kupokea.

"Fundi, kuna mashine Margilan inagoma kufika mwisho," ilisema sauti ya mwanamke.

"Mwisho upi?"

"Wa kulia."

"Nakuja na vifaa vyangu."

Simu ikakatika.

Maana yake ilikuwa moja. Mlango umefunguka. Ingia.

Sauti ilikuwa ya Kanali Hosiyat Rahimova, mkuu wa kitengo cha upelelezi kisicho na kibao mlangoni. Hewani aliitwa Shangazi. Elmurod aliitwa Randa. Alilipa chai, akaingia kwenye Nexia yake ya kijivu na kuwasha gari.

Kwenye kiti cha abiria kulikuwa na bahasha yenye picha moja. Ilipigwa ndani ya treni iendayo kaskazini. Mtoto mchanga amelazwa kwenye beshik, kitanda cha kubembea chenye mti mmoja wa juu wa kushikia. Midomo yake ilikuwa ya bluu. Ndani ya mti ule kulikuwa na mfereji, na ndani ya mfereji pakiti za unga wa kulevya wa maabara. Pakiti moja ilipasuka njiani, sawasawa na pua ya mtoto.

Mama yake hakujua chochote. Yuko gerezani.

Elmurod aliitazama picha mara moja tu. Kisha akaichana na kuitupa dirishani vipande vipande, kama mtu anayejisafisha mikono.

Karakana ya Fayzulla ilinuka vanishi na mafuta ya kondoo. Beshik nyekundu na njano zilipangwa ukutani mpaka darini. Fayzulla mwenyewe alikuwa mtu mnene, mwana wa mafundi wa beshik vizazi vitatu, na chini ya ulimi wake kulikaa ugoro wa kijani usiku na mchana. Alitema. Ute wa kijani ukatua kwenye maranda ya mbao, sentimita chache kutoka kiatu cha Elmurod.

"Wewe ndiye fundi wa kompyuta?"

"Ee?"

"Nasema wewe ndiye fundi!"

Elmurod aligusa kifaa cha usikivu kilichokuwa sikioni mwake. "Ongea kwa nguvu, kaka. Mashine zimeniua masikio."

"Wametuletea kiziwi," alisema Ikrom, kijana mwenye shingo pana aliyekuwa amesimama mlangoni. Bastola aina ya Makarov ilimvimbisha kiunoni. Alimpekua Elmurod kwa vidole vyenye mafuta, akakuta kalipa ya kidijitali ya kupimia mbao, bisibisi na leso. Akavirudisha.

Kifaa cha sikioni kilikuwa redio. Kitufe cha sifuri kwenye kalipa kilikuwa kengele. Ikrom alivishika vyote viwili na hakujua.

"Mashine yenyewe hiyo," Fayzulla alisema. "Inanitia aibu."

Ilikuwa mashine ndogo ya CNC, ya kuchonga kwa amri za kompyuta, ya kuwekwa juu ya meza, ile ambayo watu hununua wachonge vibao vya majina na fremu za picha. Daraja la alumini la kubebea kisu, mota ya kukatia, kompyuta ya zamani pembeni. Fayzulla alibonyeza kuanza. Mota ilinguruma, daraja likasogea kidogo, kisha kila kitu kikafa. Maandishi mekundu yakatokea kwenye skrini.

Nje ya mipaka ya mwendo.

"Umeona? Namwambia chimba, ananijibu kama karani wa serikali."

"Swichi za mwisho ziko wapi?" Elmurod aliuliza. "Zile ndogo za pembeni, za kuisimamisha ikifika ukingoni?"

"Nilizing'oa. Zilijaa maranda, zikawa zinasimama ovyo."

"Basi mashine ni kipofu. Haijui ilipo. Inajua tu ilichoambiwa na kompyuta."

"Kwani mimi nataka ione? Nataka ichimbe!"

Elmurod alivuta kiti. Alifungua ukurasa wa mipangilio. Tatizo lilikuwa dogo. Waliotengeneza mashine waliandika kwamba daraja litembee milimita mia sita na lisizidi hapo. Chuma chenyewe kilikuwa na nafasi ya mia saba na ishirini kabla ya kugonga. Mchoro wa Fayzulla ulitaka kufika mia sita na arobaini. Kompyuta ilikataa hata kabla ya kujaribu.

"Unachimba nini chenye urefu huo?"

"Mti wa juu wa beshik."

"Na huu mfereji kwenye mchoro ni wa nini?"

Fayzulla aliusukuma ugoro kwa ulimi kutoka shavu moja hadi jingine. "Wa kupunguza uzito. Wateja wa siku hizi hawana nguvu."

Ikrom alicheka puani.

Sikioni mwa Elmurod sauti ya Shangazi ilipenya, ndogo kama ya mbu. "Randa, sikiliza. Mnunuzi ameshaingia mjini. Anaitwa Andris. Atapanda treni ileile na mzigo. Tunamkamata ng'ambo, akipokea. Rekebisha mashine na uiache beshik ipite. Gonga kalipa mara moja kama umeelewa."

Elmurod hakugonga.

Kwa sababu mlango wa ndani ulikuwa umefunguliwa, na msichana wa miaka ishirini hivi alikuwa ameingia na mtoto begani.

"Mjomba, bibi anauliza pilau iwekewe zabibu au isiwekewe."

"Iwekewe. Mwambie mama asijichoshe." Uso wa Fayzulla ulibadilika. Ukawa mtamu. "Zebiniso, mwonyeshe fundi mjukuu wangu. Huyu ndiye Siroj. Keshokutwa anamfuata baba yake kazini kaskazini, na beshik yake mwenyewe kutoka kwa mjomba wa mama yake. Leo tunamlaza kwa mara ya kwanza. Fundi, utakula nasi."

Zebiniso alimgeuza mtoto. Siroj alikuwa na uso wa mzee aliyekasirishwa na bei za sokoni. Alifumbua jicho moja, akalifumba.

"Mjomba ameichonga mwenyewe," Zebiniso alisema. "Hakutaka tununue."

"Nani ampe mtoto wetu kitu cha kununua?" alisema Fayzulla, akambusu Siroj kwenye paji. Alama ndogo ya kijani ilibaki pale. Zebiniso aliifuta kwa kidole.

Elmurod aliwahi kuona watu waliokatwa vidole. Aliwahi kukaa siku nzima ndani ya lori la ngozi mbichi. Busu lile ndilo lililomfanya ageuzie uso kwenye skrini.

Alipotoka msichana, Elmurod aliinamisha kichwa kwenye kibodi na kunong'ona.

"Shangazi, wanatumia mtoto wa ndugu yao wenyewe."

"Najua."

"Pakiti zitakuwa juu ya uso wake njia nzima."

"Iliyopasuka ilikuwa bahati mbaya. Safari nyingi zimepita salama."

"Hiyo ndiyo hesabu yetu?"

"Hiyo ndiyo amri, Randa."

"Unaongea na nani?" Ikrom aliuliza.

"Na kompyuta. Ukiitukana inafanya kazi haraka."

Vidole vyake vilikuwa vimeshaanza. Kwanza alipandisha mpaka hadi mia saba na kumi, kama alivyoombwa. Kisha akashuka mstari mmoja chini, kwenye namba ambayo hakuna aliyemwomba aiguse. Namba hiyo huiambia mota izunguke mara ngapi kwa kila milimita. Aliiongeza kwa sehemu moja ya kumi.

Kuanzia hapo skrini ingesema mia sita na arobaini, na kisu kingekuwa kimefika mia saba na nne.

Mti wa Fayzulla ulikuwa na milimita mia saba kutoka bega hadi bega, pale unapokutana na nguzo. Baada ya bega kulikuwa na ulimi tu, ule unaoingia kwenye tundu la nguzo na kubeba uzito wote. Mfereji ungekula milimita nne ndani ya shina la ulimi. Ambacho kingebaki hapo kingetosha kusimama. Kunyanyuliwa, hapana.

Alifikiria jambo moja zaidi. Akaufungua mti uliobanwa mezani pa mashine, akaugeuza, na kuufunga tena ili mashine ianzie kuhesabu upande wa kichwa. Kosa lote lingejikusanya upande wa miguu, mbali na pua ya mtoto.

"Mbona unaugeuza?" Fayzulla aliuliza.

"Upande huu una fundo. Kisu kitavunjika."

"Haya. Anza."

Mashine ilichimba. Vumbi la mforosadi liliruka, la njano, lenye harufu nzuri, kitu pekee kisafi mle ndani. Daraja lilipita pale lilipokuwa likikwama. Likaendelea. Namba kwenye skrini zikapanda na kusimama mahali pake hasa.

"Mia sita na arobaini," alisoma Ikrom. "Safi."

Mashine hiyohiyo ikakata kifuniko cha mfereji. Kwa kuwa ilikosea kote kwa kipimo kimoja, kifuniko kiliingia bila hata unywele wa nafasi. Fayzulla alipitisha kidole juu yake.

"Kama kimezaliwa hapo," alisema.

Ikrom alianza kupanga pakiti. Alipofika mwisho alipiga mluzi. "Kaka, zimeingia zaidi ya tulivyokisia. Bado kuna nafasi."

"Ongeza."

"Mchoro unasema—"

"Nafasi ipo au haipo? Ongeza!"

Hakuna aliyechukua rula. Kwa nini wachukue? Skrini ilikuwa imeshasema.

Gundi. Kifuniko. Rangi nyekundu, maua ya njano. Mti ukaingizwa kwenye nguzo zake na beshik ikasimama. Fayzulla akatoa godoro dogo kutoka kwenye gunia la plastiki. Harufu ya mkojo wa siku nyingi ilijaa chumba.

"Hilo la nini?" Elmurod aliuliza.

"La mtoto wa jirani. Tunaliweka chini ya jipya. Ofisa wa mpakani akiinamisha pua, anaiondoa mwenyewe." Alikuwa anajisifu. "Na hataitikisa. Nani wa kwetu atatikisa beshik tupu? Anataka mtoto afe?"

Alisema hivyo na kutema.

Ni kweli. Kuanzia Margilan hadi mbali nyikani hakuna mtu anayebembeza beshik isiyo na mtoto. Maofisa hawafanyi hivyo. Mafundi pia hawafanyi hivyo, hata wakitaka kujua kama kiungo kimekaza. Fayzulla aliipitisha mikono beshik yake pande zote kama mtu anayepapasa farasi, lakini hakuisukuma. Hakuinyanyua kwa mti wa juu. Yeye na Ikrom waliishika miguuni na kuipeleka nyumbani kwa mama yake polepole, kama jeneza.

Elmurod aliwafuata nyuma. Alipima kwa macho. Tundu la upande wa miguu lilikuwa tayari na ufa mwembamba kwenye rangi.

Ufa huo bado haukumtosha.

Uani palikuwa na moshi wa pilau. Wanaume walikaa kuzunguka sufuria kubwa, wanawake walijaa chumba cha ndani, na beshik iliwekwa katikati, kwenye baraza, ikisubiri kuingizwa. Bibi Tursunoy, mama yake Fayzulla, alikuwa kikongwe mfupi mwenye meno ya dhahabu na sauti ya kuita ng'ombe.

"Nyie mabinti, sikilizeni! Nitamlaza kichwa upande wa miguu. Nikiuliza 'hivi?', mpige kelele 'sivyo!'. Mkinyamaza kama mwaka ule kwa kina Barno, namlaza hivyohivyo na lawama ni zenu!"

Wanawake wakacheka. "Bibi, wewe mwenyewe walikulaza kinyume, ndiyo maana hukukua!"

"Nimekua kwa ndani!"

Walianza kuutandika mti wa juu. Joho, blanketi la hariri, shuka la pamba, vitambaa saba kimoja juu ya kingine kama desturi inavyotaka. Elmurod alihesabu kilo badala ya vitambaa. Mtoto alikuwa ndani, mikononi mwa mama yake.

Sasa ilikuwa bibi ainyanyue. Akiinyanyua kwa mti ikiwa bado tupu, mti utachomoka na yote yatafichuka. Akiishika miguuni kama mwanawe, Siroj analazwa chini ya unga ule.

Mnunuzi alifika akiwa na koti la kitani na miwani ya Ray-Ban. Andris. Fayzulla alimtambulisha kama rafiki wa biashara ya mbao. Alisalimia kwa kuinamisha kichwa, akakataa chai, akatazama beshik.

"Hii?" aliuliza.

"Ndiyo, kaka. Kazi ya mkono."

"Randa," Shangazi alisema sikioni. "Tunamwona. Vijana wako kwenye vigari viwili vya Damas nje ya geti, lakini hawaingii. Rudia, hawaingii. Aende nayo."

Andris alitaka kujua mzigo wake una uzito gani. Alikuwa mtu wa mizani. Alipanda barazani, akaweka kiganja kwenye nguzo na kuisukuma beshik.

Ikabembea. Tupu.

Chumba cha wanawake kililipuka.

"Ee Mungu wangu! Mwondoeni!"

"Ameitikisa! Ameitikisa bure!"

"Hana mama huyu?"

"Mama, hajui, ni mgeni!" Fayzulla alipiga kelele, uso umemwiva.

Bibi Tursunoy hakusubiri maelezo. Alimpiga Andris mkononi kwa kitambaa, akaushika mti wa juu kwa mikono miwili, na kuinyanyua beshik yote na mavazi yake saba mbali na mgeni yule.

Kra!

Mti ulichomoka upande wa miguu. Beshik ikaanguka kwa pembe. Kifuniko kikaruka. Pakiti zikateleza nje moja baada ya nyingine, nyeupe, zimefungwa vizuri, zikatapakaa barazani miguuni pa bibi. Moja ilichanwa na kibanzi.

Vumbi likapanda.

"Rudi nyuma, bibi! Funga pua!" Elmurod alishaingia katikati. Alinyakua birika na kumwagia chai yote kwenye pakiti iliyopasuka, kisha akaitupia blanketi la hariri juu yake na kulikanyaga. "Zebiniso! Mtoto nje, mlango wa nyuma! Wote nje!"

"Huyu kiziwi..." Ikrom alianza, mkono kiunoni.

Upawa wa pilau ulikuwa karibu. Elmurod aliutumia. Chuma kikakutana na kifundo cha mkono, Makarov ikaanguka kwenye wali. Pigo la pili lilikuwa la goti.

Ikrom alikaa chini na kulia.

Elmurod alibonyeza sifuri kwenye kalipa. Mara tatu.

"Randa, nani amekuruhusu?"

"Unga uko sakafuni, Shangazi. Mnunuzi yuko mita mbili kutoka hapo. Unamtaka au humtaki?"

"Ingieni," Shangazi aliwaambia vijana wake.

Andris alikimbilia ukuta. Alikuwa mwepesi. Mguu wake mmoja ulikuwa ng'ambo tayari vijana wanne walipomvuta kwa suruali ya kitani. Ilichanika. Alishushwa akiwa na nusu yake.

Fayzulla hakukimbia. Mama yake alikuwa amesimama mbele yake, kimo chake hakifiki kifuani mwa mwanawe.

"Hiki ni nini?"

"Mama, twende ndani..."

"Tema hiyo taka mdomoni unapoongea na mimi. Hiki ni nini?"

Alitema. "Dawa ya wadudu, mama."

"Dawa ya wadudu. Juu ya pua ya mtoto wa Zebiniso."

Bibi Tursunoy aliinama, akalivuta godoro jipya, akaliona la chini. Akalinusa. Alilishika kwa ncha za vidole viwili na kumtazama mwanawe juu mpaka chini, polepole, kama mtu anayetafuta mahali pasipo na uchafu pa kumshika. Hakupapata. Akaliangusha godoro miguuni pake.

"Mchukueni," aliwaambia vijana. "Na mwosheni kabla hamjamweka na watu."

Elmurod alinawa mikono kwa sabuni kwenye bomba la uani. Akanawa tena. Harufu ya godoro na ugoro haikutoka. Kupitia mlango wa nyuma alimwona Zebiniso chini ya mzabibu, amemlaza Siroj mapajani, anahesabu pumzi zake kwa midomo. Mtoto alipiga chafya. Msichana akaruka, akamwinua, akamkagua puani. Ilikuwa chafya tu. Siroj alianza kulia kwa nguvu zote za mapafu yake, na Zebiniso akalia pamoja naye.

Simu ya Elmurod iliita. Safari hii haikuwa na fumbo.

"Umevunja amri," alisema Kanali Hosiyat.

"Mti ndio uliovunjika."

"Usinichezee. Vijana wangu wameupima ule mfereji. Uliingilia namba za mashine."

"Niliombwa niongeze mipaka. Niliongeza."

"Na kama bibi asingeinyanyua kwa mti? Kama angeishika miguuni na kumlaza mtoto?"

Elmurod alitikisa maji mikononi.

"Upawa ulikuwa karibu yangu tangu nilipokaa," alisema. "Ningeuvunja ule mti mwenyewe."

"Ripoti mezani kwangu asubuhi," Kanali alisema. "Iliyo safi."

"Safi haitawezekana."

Alikata simu. Alichomoa kifaa sikioni, akakitia mfukoni, na kilio cha Siroj kikamfikia wazi, kikubwa, cha hasira. Alisimama akakisikiliza mpaka kikatulia chenyewe. Kisha akatoka getini, akaikwepa michirizi ya kijani kwenye njia, akaingia kwenye Nexia na kuondoka, madirisha yote yakiwa wazi.